KUOMBA MASOMO YA JUU YA UANDISHI WA HABARI: MFANYAKAZI ASIIFICHE KAZI YAKE



Mwezi uliopita alifika kwetu kijana mmoja anayefanya kazi katika kiwanda kimoja hapa Kigali. Kazi yake ni kupanga na kuhesabu makatoni katika zamu ya usiku. Kijana huyu ana shahada ya kwanza ya uandishi wa habari aliyoipata miaka minne iliyopita, na tangu hapo hakupata kazi katika gazeti wala redio. Mkononi alikuwa na bahasha mbili. Katika bahasha ya kwanza mlikuwa na fedha alizozitoa kwenye ikimina, yaani kikundi cha akiba cha wafanyakazi wenzake. Alitaka kuzitumia kumlipa komisioneri mmoja wa mjini aliyemwahidi nafasi ya kusomea shahada ya pili ng'ambo. Katika bahasha ya pili mlikuwa na barua ya maombi ambayo komisioneri huyo alikwisha kumwandikia. Barua ilisema kwamba kijana wetu ni mwandishi mashuhuri aliyefanya kazi katika vyombo vikubwa vya habari vya Afrika Mashariki. Kiwanda hakikutajwa hata mara moja.

Alituuliza maswali mawili. Je, alipe? Na je, aitume barua ile?

Tulimjibu hapana kwa yote mawili. Lakini kusema hapana hakumsaidii mtu anayetaka kuendelea na masomo, hivyo tuliketi naye jioni tatu, tukalichambua jambo hili hatua kwa hatua. Tunayaandika hapa tuliyomweleza, kwa sababu tunajua hayuko peke yake. Wako wengi viwandani na katika mashamba ya chai wenye shahada zilizofungiwa sandukuni, na wako wazazi ambao watoto wao wamehitimu na wanauliza hatua inayofuata.

SHAHADA YA PILI NI KITU GANI

Masomo ya uzamili ni masomo yanayofuata shahada ya kwanza. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja au miwili. Katika uandishi wa habari na mawasiliano ya umma yako ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya utendaji: mwanafunzi hufundishwa kutafuta habari, kuhoji, kuhakikisha ukweli, kuandika, kupiga picha na kutangaza. Namna ya pili ni ya utafiti: mwanafunzi huchunguza jinsi vyombo vya habari vinavyofanya kazi na jinsi watu wanavyopata na kuzipokea habari, kisha huandika tasnifu. Mwombaji hana budi kujua anataka ipi, maana kila namna hutaka maelezo tofauti.

Yafaa ieleweke kwamba vyuo vingi havilazimishi shahada ya kwanza iwe ya uandishi wa habari. Mtu aliyesomea uchumi, kilimo, sheria au lugha anaweza kuomba. Baadhi ya vyuo vina stashahada ya uzamili, ambayo humpa mtu wa namna hiyo msingi kabla hajaingia shahada ya pili. Lakini tuseme wazi: asiye na shahada ya kwanza mlango huu haujamfungukia bado. Aliyeishia sekondari aanze na stashahada ya kawaida au shahada ya kwanza, na asimwamini mtu yeyote anayemwambia kwamba ipo njia ya mkato.

Wala tusidhani kwamba elimu hii iliwekwa kwa ajili ya watoto wa matajiri tu. Shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1908, na mkuu wake wa kwanza, Walter Williams, mwenyewe hakuwahi kusoma chuo kikuu. Shule ya Columbia, mjini New York, ilifunguliwa mwaka 1912 kwa fedha alizoziacha Joseph Pulitzer, mhamiaji kutoka Hungaria aliyefika Marekani akiwa maskini na kufanya vibarua vya kila aina kabla ya kuwa mwandishi. Kwetu Afrika Mashariki, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 1970. Ile ya Tanzania, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1975, na mwaka 2003 iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makerere ilianza masomo hayo mwaka 1988. Hapa Rwanda, shule ya uandishi wa habari ilianzishwa Butare mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Taifa, ambacho mwaka 2013 kiliunganishwa na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda.

KWA NINI UANDISHI WA HABARI?

Hili ndilo swali ambalo kila chuo humwuliza mwombaji. Kwa mtu wa Rwanda si swali jepesi, na msomaji wetu anajua sababu.

Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ilitumika kuchochea watu na hata kutaja majina ya waliotafutwa ili wauawe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilitoa hukumu ya watu watatu katika kesi iliyoitwa kesi ya vyombo vya habari. Mmoja wao, Ferdinand Nahimana, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo, alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya udaktari na mwalimu wa chuo kikuu. Rufaa ilipoamuliwa Novemba 2007, baadhi ya mashtaka yalifutwa, lakini hatia haikuondoka, na kifungo chake kikawa miaka 30.

Tunaikumbusha habari hii kwa shabaha moja. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mkweli. Shule ya Butare ilifunguliwa miaka miwili baada ya mauaji, wakati waandishi wengi walikuwa wameuawa na wengine wamekimbia, na nchi ilihitaji watu wa kuanza upya kazi hii kwa haki. Kwa hiyo mwombaji anayeanza safari yake kwa barua ya uongo ameanza vibaya. Anaomba kufundishwa kusema kweli, na karatasi ya kwanza anayoitoa ina uongo. Tulipomweleza kijana wetu jambo hili alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaikunja ile barua.

KUCHAGUA CHUO

(1) Anza karibu. Dar es Salaam, Nairobi na Makerere hufundisha masomo ya uzamili ya habari na mawasiliano. Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo hili kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwa hiyo kiulize chuo kwa maandishi: raia wa nchi za Jumuiya analipa ada gani, ya mwenyeji au ya mgeni? Tofauti yake yaweza kuwa kubwa. Aidha, tangu mwaka 2014 Mnyarwanda anaweza kuingia Uganda na Kenya kwa kitambulisho cha taifa, ingawa mwanafunzi atahitaji pia kibali cha kusoma.

(2) Hakikisha chuo kinatambuliwa. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya Rwanda iliamuru vyuo vikuu kadhaa vya binafsi vifungwe, na wanafunzi wakalazimika kutafuta pa kwenda. Hapa nchini wa kuulizwa ni Baraza la Elimu ya Juu, HEC. Baraza hilo ndilo pia hulinganisha shahada zilizopatikana nje na za hapa, hivyo uliza kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu.

(3) Fikiria zamu yako. Vyuo kadhaa vya Kigali vina masomo ya jioni na ya mwisho wa wiki. Kwa mfanyakazi mwenye familia, kusoma bila kuacha mshahara ni jambo la kupimwa kwa makini. Uliza kama somo unalolitaka limo katika ratiba hiyo.

KARATASI ZINAZOTAKIWA

Vyuo hutofautiana, lakini karibu vyote hutaka hizi:

(a) Cheti cha shahada ya kwanza na orodha ya alama zote. Vyuo vingi hutaka angalau daraja la pili. Nakala zithibitishwe na noteri. Kama alama zako ziliandikwa kwa asilimia au kwa hesabu ya ishirini, chuo cha nje huenda kisizielewe. Omba chuo chako kikupe maelezo ya madaraja yake.

(b) Ushahidi wa lugha. Vyuo vya Uingereza na Marekani mara nyingi hutaka mtihani wa Kiingereza, na mtihani huo una ada. Lakini vipo vyuo vinavyokubali barua ya chuo chako cha kwanza ikieleza kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Barua hiyo ni rahisi kuliko mtihani. Uliza kwanza.

(c) Wasifu wako, yaani masomo na kazi ulizofanya kwa mpangilio wa miaka.

(d) Barua ya nia, ambayo tutaieleza peke yake.

(e) Barua za wadhamini wawili au watatu.

(f) Vielelezo vya maandishi yako, au pendekezo la utafiti, kufuatana na namna ya masomo.

Anza kuzikusanya angalau miezi sita kabla ya siku ya mwisho. Ofisi huchelewa, walimu husafiri, na mfanyakazi wa zamu hana nafasi ya kwenda mjini kila siku.

BARUA YA NIA

Hapa ndipo waombaji wengi huanguka. Huandika hivi: "Tangu utoto wangu nimekuwa na mapenzi makubwa na uandishi wa habari, na ninaamini kwamba chuo chenu kinachosifika duniani kitanifikisha mbali." Barua ya namna hii ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, kwa chuo chochote. Siku hizi kuna hata programu za kompyuta zinazoiandika kwa dakika moja, na wasomaji wa maombi wamekwisha kuizoea na kuichoka.

Jioni ya pili tulimwuliza kijana wetu: "Katika miaka hii ya kiwandani umeona nini ambacho mwandishi wa mjini hakukiona?"

Kwanza alisema hakuona kitu, ni makatoni tu. Baadaye alikumbuka usiku ambao mashine ilimjeruhi mwenzao vidole. Alisema habari ile ilifika kwa watu wa zamu ya asubuhi kwa njia nne, na kila njia ilieleza tukio tofauti. Wapo waliosema majeruhi alikuwa amelala, na wapo waliosema kinga ya mashine ilikuwa imeondolewa. Kijana huyu, bila kutumwa na mtu, aliwauliza watu saba waliokuwapo, akaandika maneno yao katika daftari lake la hesabu. Daftari analo mpaka leo.

Tulimwambia, hiyo ndiyo barua yako. Akaiandika upya kwa mkono wake, na kwa ruhusa yake tunatoa mwanzo wake: "Kwa miaka mitatu nimehesabu makatoni usiku katika kiwanda cha Kigali. Mwenzetu alipoumia mashineni, nilisikia habari nne za tukio moja. Niliwauliza watu saba na kuandika walichosema. Nataka kujifunza jinsi habari za ajali zinavyosafiri ndani ya kiwanda, na kwa nini hazifiki gazetini."

Ndugu msomaji, linganisha barua hizi mbili. Ya pili ina mahali, ina wakati, ina kazi iliyofanyika na swali linalotaka jibu. Kile alichokuwa akikificha kama aibu ndicho kilichompa neno la kusema. Mwandishi wa habari ni mtu anayeuliza, anayepima na anayeandika, na hayo yote alikwisha kuanza kuyafanya akiwa amevaa ovaroli.

Mambo manne yaonekane katika barua: umetoka wapi, umeona nini, unataka kujifunza nini, na kwa nini chuo hicho na si kingine. Mwisho eleza utakachokifanya ukirudi. Kurasa mbili zatosha, isipokuwa chuo kimetaka vingine. Pia usitaje majina ya wenzako au ya kiwanda kwa namna itakayowaletea madhara. Nayo ni sehemu ya uandishi mwema.

WADHAMINI NA VIELELEZO

Mdhamini mmoja awe mwalimu aliyekufundisha chuoni. Usimwendee mikono mitupu. Mpelekee orodha ya alama, wasifu na barua yako, umkumbushe ni mwaka gani alikufundisha. Mdhamini wa pili aweza kuwa msimamizi wako wa kazi. Watu wengi hudharau barua ya msimamizi wa zamu. Sisi tunasema barua ya mtu aliyekuona kila usiku kwa miaka mitatu ina uzito kuliko ya mkubwa anayekujua kwa jina tu.

Kuhusu vielelezo, asiyeandika gazetini asikate tamaa. Aandike sasa. Mkulima na mchumaji wa chai wa Mulindi, wilayani Gicumbi, wanasikia kwa nani bei ya majani mabichi: redioni, kwa simu au kwa karani wa mizani? Bei ya chini ya majani hayo hupangwa na NAEB, na chai ya Rwanda huuzwa katika mnada wa Mombasa. Je, habari kutoka Mombasa inapotea wapi kabla ya kufika shambani? Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Je, wanaokizungumza Nyamirambo na Biryogo wanapata habari gani kwa lugha hiyo? Hizi ni makala za gazeti, na kila moja yaweza pia kuwa pendekezo la utafiti. Jarida hili lina kurasa. Tuleteeni.

FEDHA NA MAKOMISIONERI

Gharama si ada ya masomo tu. Kuna ada ya maombi, chakula, malazi, safari, gharama za utafiti, na mshahara utakaoukosa. Ziandike zote kwenye karatasi moja, uketi na mwenzako wa nyumbani kabla ya kugusa akiba.

Upo ufadhili. Kwa mfano, ule wa serikali ya Uingereza uitwao Chevening uko wazi kwa Wanyarwanda, na hautozi ada ya kuomba. Kwa kawaida maombi hufunguliwa mwezi Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba. Hutaka mwombaji awe amefanya kazi kwa saa 2,800, na anayepewa hutakiwa kurudi nchini mwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Tupige hesabu: kwa saa 8 kwa siku, saa 2,800 ni siku 350 za kazi. Basi saa ambazo komisioneri alitaka kuzifuta katika barua ndizo zinazohitaji kuonyeshwa. Barua ya mwajiri na taarifa ya michango yako ya RSSB husaidia kuthibitisha miaka ya kazi. Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, hivyo ufadhili wa Jumuiya hiyo nao waweza kuombwa. Soma masharti ya mwaka unaoomba, maana hubadilika.

Sasa komisioneri. Chuo hupokea maombi moja kwa moja kutoka kwa mwombaji. Ada hulipwa kwa akaunti ya chuo, si kwa simu ya mtu. Hakuna mtu wa nje mwenye uwezo wa kuahidi nafasi. Anayekuahidi nafasi kabla hata hajaziona alama zako, anayetaka fedha taslimu bila risiti, au anayekuandikia uongo, mwache. Uongo ukigunduliwa baadaye, chuo chaweza kukufukuza na kukunyang'anya shahada, naye hatakuwapo.

MWISHO

Kijana wetu ametuma maombi katika vyuo viwili vya Afrika Mashariki na kimoja cha Uingereza. Hajapata majibu, na sisi hatuwezi kumwahidi kwamba yatakuwa mema. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Lakini sehemu kubwa ya fedha zile alizirudisha katika ikimina, akatoa tu za ada ya maombi na za noteri, na risiti zote ametuonyesha. Barua aliyoituma ni yake. Hata akikataliwa mwaka huu, mwakani ataiongezea alichokiona, aiombee tena.

Nasi tunamngoja atuletee makala yake ya kwanza, ile ya lile daftari la hesabu. Ndugu msomaji, nawe una daftari lako. Usilifiche.